Mbona hapa Goma mtu akipata neema anaificha kama mali ya wizi?

#1 Mama_wa_Majengo
Jambo wote. Kijana wangu wa pili amepita Exetat, mtihani wa taifa wa Kongo wa kumaliza sekondari, asilimia 64. Jibu tulilipata kwenye simu saa moja jioni. Akaruka hadi kizingitini, na dada yake alikuwa tayari na kopo mkononi, la pudre, poda tunayompaka aliyepita. Nikamshika mkono. Nikafunga mlango, nikafunga na dirisha, nikawaambia: shangilieni polepole. Basi kijana akajipaka pudre kidogo kwenye paji la uso, humo ndani, mbele ya kioo, dada yake akimmulikia kwa tochi ya simu. Akajitazama kidogo, kisha akaipangusa kwa upindo wa shati. Kule kupangusa ndiko kumeninyima usingizi siku tatu hizi.

Sababu yangu ni hii: mlango wa pili katika parseli yetu, ua tunaoishi familia kadhaa, kuna mtoto aliyesoma naye toka darasa la kwanza. Waliandika mtihani pamoja na yeye hakupita. Mama yake na mimi tunachota maji bomba moja.

Nauliza kwa moyo wote: nimemheshimu jirani au nimemnyang'anya mtoto siku yake? Na si mimi peke yangu. Mtu akipata kazi anasema "tunajaribu tu". Akinunua kiwanja, ni cha shemeji. Mimba haitajwi mpaka ionekane yenyewe. Huzuni tunaitandikia mkeka barabarani, watu wakae. Furaha tunaifungia chumbani. Kwa nini?

#2 Motari_Ndosho
Hongera mama, kijana asonge mbele. Lakini hapo hakuna fumbo, ni wezi. Tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, vita vilipoingia mjini, pesa za watu zinalala chini ya vitanda na wezi wanajua. Jirani yetu aliuza ng'ombe wawili, akanunulia avenyu nzima soda. Siku ya nne waligonga saa saba za usiku. Hawakuuliza kama pesa iko, waliuliza iko wapi. Toka siku ile, mimi hata nikipata safari nzuri nafika nyumbani na uso wa kila siku.

#3 Mwalimu_Himbi
Motari, nakuelewa, lakini pudre haiibwi. Hii tabia ni ya zamani kuliko benki, na kuliko vita pia. Bibi yangu kule Masisi akituona tunacheka hadi kushika mbavu alikuwa anasema, "Mkicheka hivyo, kabla ya jua kuzama mtalia." Na watoto kumi wakicheza, kabla ya jua kuzama lazima mmoja ataanguka au atachapwa, kwa hiyo tuliamini. Mtoto aliyekuzwa na neno hilo, akiwa mtu mzima furaha ikimjia anaanza kutafuta msiba unatokea upande gani. Nina miaka 52. Siku niliyopewa karatasi za kiwanja changu nilipiga simu nyumbani kwanza, kuuliza kama wote ni wazima.

#4 Dada_Katindo
Mwalimu, hiyo ya kupiga simu umeniandika mimi. Nilipopata kazi nilianza kuuliza nani mgonjwa.

#5 Mwanafunzi_Saiko
Hongera mama. Nasoma saikolojia hapa mjini, na jambo hili limechunguzwa. James Gross na Robert Levenson, Wamarekani, mwaka 1997 waliandika juu ya watu walioonyeshwa filamu, za kuhuzunisha na za kuchekesha. Baadhi waliambiwa wasionyeshe chochote usoni. Walioficha huzuni, huzuni ilibaki vilevile. Walioficha kicheko, kile walichokisikia ndani nacho kikapungua. Na mwili haukupumzika, moyo na mishipa vilifanya kazi zaidi kwa ajili ya kule kuzuia.

Maana yake, mama, mlango ulioufunga haukufungia furaha ndani. Sehemu yake ilizimika palepale.

Kuna na Shelly Gable na wenzake, mwaka 2004: mtu akimweleza mwenzake habari njema, na mwenzake akaipokea kwa uchangamfu, akauliza "ilikuwaje, ulisikiaje?", furaha ya yule wa kwanza inapanda kuliko faida ya habari yenyewe. Akipokelewa na "ah, vizuri" ya kinywa tu, haipandi. Kwa hiyo swali si kuficha au kutangaza tu. Unamweleza nani, na anapokea namna gani?

#6 Yaya_wa_Kadutu
Naandika kutoka Bukavu. Mdogo wangu Mwanafunzi, umeeleza vizuri, ila hao wa kwenye filamu ni Wamarekani. Kuna profesa mwingine hukohuko Marekani, Jeanne Tsai wa chuo cha Stanford, aliyeonyesha kwamba watu hawatafuti furaha ya aina moja. Wamarekani wengi wanapenda ile ya kuruka na kupiga kelele. Wachina aliowachunguza walithamini zaidi ile ya utulivu. Basi nani amesema furaha isiyo na kelele ni furaha iliyozimwa?

Baba yangu hakuwahi kushangilia mbele yetu hata mara moja. Lakini akipata jambo jema alinyoa ndevu. Hata saa kumi na mbili jioni, hata kama haendi popote, anatoa kikombe cha maji ya moto, kioo kidogo anakiegemeza kwenye dirisha, ananyoa taratibu, kisha anapaka viatu rangi na kukaa navyo uani mpaka giza. Mama akimwona ameshika wembe jioni alikuwa anaongeza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye sufuria bila kuuliza kitu. Sisi watoto tulijua. Furaha ilikuwa kubwa nyumbani, na avenyu haikusikia.

#7 Mwanafunzi_Saiko
Yaya, nimekubali kuhusu Tsai. Lakini baba yako hakuificha. Mlikuwa mnaisoma wote. Kijana wa Mama Majengo aliambiwa ashangilie polepole, akaifuta.

#8 Baba_Buhene
Mimi sina masomo hayo. Nina 22 Mei 2021.

Volkano ilipotoka Jumamosi ile jioni tulikimbia na watoto na godoro moja. Jumapili asubuhi tukarudi, mimi na mke wangu, tukipita pembeni ya mawe ambayo bado yalikuwa yanatoa moshi. Nyumba yetu ilikuwa imesimama. Ukuta wa mbao, bati, hata kamba ya nguo na shati langu juu yake. Lava ilikuwa imesimama hatua chache kutoka choo. Kwa jirani yetu wa kulia hapakuwa na kitu, jiwe jeusi tu, refu kuliko mlango uliokuwepo. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya bidoni, dumu la maji, anatazama.

Mke wangu akavuta pumzi apige vigelegele. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Hadi leo nasikia ile pumzi ya moto mkononi, sauti iliyotaka kutoka ikarudi tumboni. Hakunikasirikia. Alikwenda nyuma ya nyumba akapiga magoti akalia, nikamwacha.

Yule jirani na watu wake waliingia kwetu siku ileile, tukawa kumi na mmoja katika vyumba viwili, miezi saba. Mwanafunzi anasema kuficha kunazima. Kwangu haikuzimika. Kila asubuhi nilipofungua mlango nikaona mlango bado upo, niliisikia. Lakini kuisema mbele ya yule mtu, hapana. Ningekuwa mnyama.

#9 Mama_wa_Majengo
Baba Buhene, nimesoma mara mbili. Aksanti.

#10 Kamalondo_Damu
Bandugu ba Goma, jambo yenu! Mama, hongera sana. Mie niko Lubumbashi, na huku kufunga mlango tungeshindwa. Mumesahau Kidiaba? Desemba 2010, Abu Dhabi, Kombe la Dunia la vilabu, timu yetu Mazembe inapiga Internacional ya Brazili, na kipa wetu anakaa chini kwenye majani, miguu mbele, anaruka kwa makalio uwanjani, dunia nzima inatazama! Baba yangu, mtu wa mgodini, mzito wa kilo mia, alitoka uani na suruali ya misa, akakaa kwenye vumbi akaruka vilevile. Mama alimfulia suruali ile akiimba. Hata final tulipopoteza na Inter 2-0, watu walikaa chini wakaruka. Furaha ikae ndani inaoza.

#11 Mpira_na_Bugali
Final ilikuwa 3-0, kaka, tarehe 18. Hiyo 2-0 ndiyo ya Internacional, siku nne kabla. Lakini heshima yenu iko palepale: timu ya kwanza ya Afrika kufika final ile.

Na kwa kuwa umetaja mpira, niongeze la kwetu. Tarehe 2 Februari 2024, Kombe la Afrika, tulipiga Guinea 3-1. Hapa Goma watu walijaa barabarani na honi za moto (pikipiki). Wiki ileile watu wa Sake walikuwa wanakimbia vita, wanaingia mjini na vyombo kichwani. Nilikuwa Mugunga, napiga kelele na jezi, mbele yangu akapita mama na watoto watatu na kuku mmoja. Nikanyamaza katikati ya neno. Yeye akaniuliza, "Tumeshinda?" Nikamwambia tumeshinda. Akapiga kofi mara mbili, akaendelea na safari.

Siku tano baadaye, nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji walisimama kwenye wimbo wa taifa mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine kwenye panja kama bastola, kulalamikia mauaji ya huku mashariki na kimya cha dunia. Tulipoteza 1-0. Mpaka leo sijui ile jioni niiweke upande wa furaha au wa huzuni. Kifua kilikuwa kimejaa vyote.

#12 Shemasi_Virunga
Shida ni kwamba tumesahau ushuhuda. Kanisani kuna mahali pa furaha: unasimama, unasema Bwana amenitendea, watu wote wanapiga makofi, na hakuna anayesema unajivuna kwa sababu sifa haikai kwako. Mama, Jumapili msimamishe kijana mbele. Maandiko yanatuambia tufurahi na wanaofurahi, Wakorintho.

#13 Mama_Sifa
Warumi 12:15, shemasi. Na mstari huohuo unamalizia kwa kulia na wanaolia. Mama Majengo yuko katikati ya mstari, upande mmoja mtoto wake, upande wa pili jirani. Usimsomee nusu.

#14 Shemasi_Virunga
Kweli, ni Warumi. Aksanti kunisahihisha.

#15 Kasa_Kavu
Hamjataja jambo lenyewe: pesa. Hapa kwetu furaha ina bei. Nilipopata mshahara wa kwanza niliwaambia watu wa likelemba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, kwa raha tu, nikinywa nao chai. Kufika Ijumaa watu tisa walikuwa wamenipigia simu. Ada ya mtoto, dawa, nauli ya kwenda Rutshuru kwenye matanga. Hakuna aliyedanganya, wote walikuwa na shida ya kweli, na hilo ndilo linaumiza. Mwezi wa pili nilisema mshahara umechelewa. Sikuogopa wezi wala wachawi. Niliogopa kumkatalia mjomba.

#16 Dada_Katindo
Kasa, lakini tangu useme mshahara umechelewa, kuna mtu amefurahi nawe?

#17 Kasa_Kavu
Hakuna. Hata mke wangu alijua baada ya wiki mbili. Umenigusa pabaya, dada.

#18 Chukudu_wa_Kibumba
Mimi nasukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, toka Kibumba, viazi na kabichi. Mwanangu ananisomea huu uzi na kuniandikia. Niseme ya kwangu.

Kupanda ni jasho. Lakini kuna mteremko kabla ya Munigi. Pale unaweka goti kwenye ubao, ule wenye kipande cha tairi, unaachia. Gurudumu la mbao linaanza kuimba, upepo unaingia kwenye shati, na ukiinua macho unaona ziwa. Kwa miaka mingi nilikuwa napita pale nikiwaza bei ya sokoni. Mwenzangu mmoja mzee akanifundisha: ukifika pale usiwaze soko, soko halitakimbia. Sasa nikianza kuteremka nafumba mdomo, nasikiliza gurudumu. Sifurahi mbele ya mtu, hakuna wa kunionea wivu, hakuna wa kuomba. Ni dakika chache tu. Nikifika mjini nimeshakula kitu.

#19 Mwanafunzi_Saiko
Papa wa chukudu, hicho unachofanya kina watu walioandika juu yake kwa miaka. Fred Bryant na Joseph Veroff walikiita kwa neno lenye maana ya kuonja, kama unavyoonja mchuzi ulimini bila haraka ya kumeza. Wanasema mtu anaweza kuonja jambo kabla halijafika, linapokuwa linatendeka, na baadaye kwa kukumbuka. Mzee wako amewatangulia bila karatasi.

#20 Muuguzi_K
Nafanya kazi chumba cha wazazi, sitataja wapi. Vitanda vimekaribiana. Kitanda cha tatu mama amejifungua mtoto mzima, cha nne mama amepoteza wake usiku uleule. Hakuna anayewafundisha, lakini nimeona mara nyingi: yule mwenye mtoto anageukia ukutani wakati wa kunyonyesha. Anamfunika mtoto kichwa na kitenge ili mlio usitoke sana. Wageni wake wakija na shangwe anawaonyesha kwa jicho, nao wanashuka sauti.

Nilidhani hao mama wanapoteza furaha yao, kama anavyosema Mwanafunzi. Kisha nikaanza kuwatazama usiku, taa zikiwa hafifu. Wanahesabu vidole vya mtoto. Wanavihesabu tena. Sijui niwaite wanaficha au wanafanya nini.

Ila na hili niliseme. Mara moja mama wa kitanda cha nne aliniomba, "Mwambie mwenzangu ageuke, nimwone mtoto." Alitaka kuona mtoto aliye hai.

#21 Motari_Ndosho
Muuguzi, nimesimamisha moto yangu kando kusoma hiyo.

#22 Rafiki_wa_Birere
Mimi nasema furaha kubwa ina hasara yake, tusiililie sana. Nilisoma kwamba watu walioshinda bahati nasibu Marekani wote waliishia na huzuni kuliko maskini.

#23 Mwanafunzi_Saiko
Hapana kaka, hiyo inasimuliwa vibaya kila mahali. Ni uchunguzi wa Philip Brickman na wenzake, 1978. Washindi walikuwa 22 tu. Hawakuwa na huzuni kuliko wengine. Kilichoonekana ni kwamba hawakuwa na furaha zaidi sana ya majirani zao, na mambo madogo ya kila siku, kama kuongea na rafiki au kula asubuhi, yaliwapa raha kidogo kuliko wenzao.

#24 Mwalimu_Himbi
Basi huyo wa chukudu amewashinda.

#25 Kamalondo_Damu
Mie bado niko na swali kwa Baba Buhene, kwa heshima. Yule jirani wa bidoni, kiisha miezi saba, alijua kama nyinyi mulifurahi?

#26 Baba_Buhene
Siku anahama, tulipombebea vitu hadi Turunga, alimwambia mke wangu: "Siku ile nilikuona ulitaka kupiga vigelegele. Ungepiga." Mke wangu hakujibu. Mimi pia sikujua la kusema. Pengine alisema kwa wema tu, kwa kuwa alikuwa ameshapata pa kuishi. Siku ya bidoni angesema vile? Siamini.

#27 Mama_wa_Majengo
Nimerudi. Aksanti nyote, nimesoma kila neno.

Leo asubuhi bombani nilishindwa kuvumilia, nikamwambia jirani yangu. Nikasema, mama, mtoto amepita, tulinyamaza kwa ajili yako. Akaweka bidoni chini. Akaniambia, "Nilijua usiku uleule, nilisikia mnavyonong'ona. Nimengoja siku tatu uje kuniambia. Huyu nimembeba mgongoni ulipokuwa mgonjwa, ulifikiri nitamwonea kijicho?" Alikasirika kweli. Hakukasirikia matokeo, alikasirikia mlango niliofunga.

Akaingia kwangu moja kwa moja, akamshika kijana kichwa kwa mikono miwili, akamwombea. Akauliza pudre iko wapi. Dada yake akaleta kopo. Kijana akarudi nyuma kidogo, akasema, "Mama, aksanti, lakini imeshapita." Hakusema kwa hasira. Alisema tu.

Na kijana wake, yule aliyeshindwa, hakutoka. Nilimwona kupitia pazia, amekaa kitandani na viatu miguuni.

#28 Muuguzi_K
Kwa hiyo mama mtu aliumia kwa kufichwa, na mtoto mtu angeumia kwa kuonyeshwa. Nyumba moja hiyo.

#29 Yaya_wa_Kadutu
Usimlazimishe wako, wala usimvute yule mwingine. Mpikie kitu anachokipenda, akae ale na watu watatu.

#30 Motari_Ndosho
Mimi nabadili kidogo ya mwanzo, wezi hawahusiki hapa. Mama, kopo litunze. Yule mwingine atarudia mtihani. Siku hiyo muwapake wote wawili.

#31 Mwalimu_Himbi
Motari, wazo lako ni zuri na moyo wako ni mzuri, lakini sikubali. Nimefundisha miaka 27. Ukimwambia mtoto angoje furaha yake hadi mwenzake apite, umewatwika wote wawili. Aliyepita atajiona na deni, na aliyeshindwa atasoma mwaka mzima akijua amebeba siku ya mtu mwingine kichwani. Apakwe Jumapili hii, mbele ya parseli, hata kama anasema imepita. Labda ikimgusa usoni itarudi.

#32 Dada_Katindo
Na yule wa nyuma ya pazia, Mwalimu?

#33 Mwalimu_Himbi
Kwa huyo sina jibu, dada. Ningekwenda kukaa naye kitandani kabla ya pudre kufunguliwa.

#34 Mama_wa_Majengo
Nimeanza na hilo. Nimetoka kwake sasa hivi. Hatukuongea sana. Amenisaidia kuchambua sombe, majani ya muhogo, akavua viatu. Kuhusu Jumapili bado sijaamua. Kopo liko juu ya kabati.